Mgombea Mwenye Kola Nyeupe

Mgombea wetu wa urais mwaka ule alikuwa mmoja, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kumjadili. Ndiyo maana tulimjadili kutwa nzima. Ukipewa wagombea wawili, kasoro unawagawia. Ukipewa mmoja anazibeba zote peke yake, maskini.

Mimi sikuwa na ugomvi naye. Ugomvi wangu ulianzia kwenye makalio ya mwanangu. Alikuwa bado mchanga, wa kwanza kwangu, na alikuwa amechubuka vibaya, kiasi kwamba akikojoa tu anapiga kelele mpaka majirani wanadhani nimemfinya. Nesi wa zahanati alimgeuza mara moja, akanirudishia. "Huyu hana ugonjwa. Nepi zake ndizo zinazoumwa. Fua kwa sabuni." Alisema hivyo kana kwamba nilikuwa nafua kwa majivu kwa sababu naipenda harufu yake.

Babati nzima haikuwa na sabuni. Tulifua kwa maji ya majivu, tulifua kwa majani ya mpapai, na wenye moyo waliteremka ziwani wakasugua nguo kwenye mawe, jicho moja kwenye nguo na jingine kwa viboko. Duka la ushirika lilikuwa na muuzaji, mizani, na rafu zilizofutwa vumbi vizuri. Mgawo ukija, duka humkabidhi balozi wa nyumba kumi, naye ndiye anayezigawia kaya zake. Na balozi wetu wa pale Bagara alikuwa na neno moja tu: haijafika.

Lakini mke wake alipoanika nguo uani, fulana za mzee ziling'aa mpaka kuku wakazikwepa. Nikamfuata, mtoto mgongoni.

"Shikamoo mzee. Sabuni?"

"Marahaba. Haijafika."

"Na hizo fulana?"

"Hizo ni za zamani."

Kumbe fulana zikizeeka huwa nyeupe. Nimesoma mpaka kidato cha nne, hilo sikufundishwa.

Nadhani aliona nikiendelea kusimama pale nitasema jingine, kwa hiyo akanipa cheo. Uchaguzi umekaribia, akasema, na katibu kata anataka kila nyumba itoke, wote, hata vikongwe. Yeye mwenyewe ameshamwahidi kwamba katika nyumba zake hatabaki mtu. "Wewe mama umesoma. Wafundishe wenzako kupiga kura." Akanipa picha ya mgombea na karatasi ya mfano. Nilikwenda kuomba sabuni, nikarudi na rais.

Darasa nililifanyia uani kwangu. Kina mama walikuja na watoto wao na maharage ya kuchambua, maana hakuna mwanamke wa Bagara anayekaa kusikiliza mikono ikiwa mitupu. Bibi jirani yangu, aliyeshuka kutoka nyanda za juu za Mbulu kuwafuata wanawe, akakaa mbele kabisa kwa sababu ya macho.

"Huyu ndiye mgombea," nikaanza. "Hapa chini kuna visanduku viwili. Ukimtaka, weka alama kwenye Ndiyo. Usipomtaka, kwenye Hapana."

Bibi akaisogelea picha. "Na mwenzake yuko wapi?"

"Hana mwenzake, bibi."

"Amefariki?"

"Hajafariki, bibi. Hakuwapo tangu mwanzo."

Bibi akarudi nyuma akajikunyata vizuri ndani ya shuka lake. "Basi hii ni posa. Mimi nililetewa hivyo hivyo, mmoja. Nikaulizwa, unamtaka humtaki, na ng'ombe wameshaingia zizini."

Hapo darasa likafa. Walicheka mpaka maharage yakamwagika, kisha wakamchambua mposaji wetu kama walivyokuwa wakichambua maharage.

"Amekuja mwenyewe kujionyesha?" mmoja akauliza.

"Imekuja picha."

"Mposaji anatuma picha! Dada, huyo ana kilema mahali."

"Anaongea sana?"

"Si mgombea? Kazi yake ndiyo hiyo."

"Andika kasoro hiyo. Wangu wa nyumbani ni wa namna hiyo, maneno debe, unga kibaba."

"Na hawa wanaomsemea mbona ni wengi hivi? Mke wa balozi jana kamsifia mpaka nikatamani kumuuliza kama wana undugu. Msemaji wa posa akizidisha utamu, ujue kuna jambo binti anafichwa."

"Na tukimkataa?"

Kwa swali hilo waliniangalia mimi, msomi. Nikasema sijui. Kitabu cha siasa cha shule yetu kilieleza kwa kirefu namna ya kukubali. Sura ya kukataa sikuiona.

"Mnasumbuka bure," akasema muuza ndizi, mwanamke mwenye sauti ya mnada. "Atashinda. Hata sisi wote tukilala, atashinda. Ukikimbia peke yako, utamwachia nani nafasi ya kwanza?" Kisha akainama kwenye picha. "Lakini kola yake jamani. Tazameni kola."

Tukatazama. Ilikuwa nyeupe kama ugali wa sembe, nao tulikuwa hatujauona siku nyingi.

"Huyu anafua na nini?"

"Hiyo si ya majivu."

Kila mmoja akaitazama khanga yake, na kicheko kikapungua. Khanga zetu zilikuwa zimefika rangi moja, ile ya maji yaliyosuuzia sufuria, na ukizikaribia unajua nani ana mtoto mchanga na nani anakamua ng'ombe.

Bibi akasema taratibu, "Mimi siendi."

"Huendi wapi, bibi?"

"Kwenye kura. Siku hizi hata kanisani nakaa mlangoni, kwa ajili ya harufu. Upepo ukigeuka natoka nje. Sasa nikasimame mstarini mchana kweupe, siku ya kumchagua mkubwa wa nchi, na shuka hili linalonuka ndama? Siendi, mwanangu. Mpelekee salamu."

Hakuwa anatania. Machoni alikuwa na aibu ya kweli, mwanamke aliyelea watu wazima sita. Muuza ndizi akasema naye haendi. Na mwingine. Hakuna aliyempinga mgombea. Waliona tu si adabu kumwendea wakiwa wananuka.

Mimi nilikuwa nimemshika mwanangu, na ndipo nilipouona udhaifu wa mgombea wetu, ule pekee ambao ungeweza kumuumiza mtu. Hakuwa na mpinzani, lakini alihitaji watu watoke nyumbani, na watu hawatoki wakiwa wachafu.

Nikaenda kwa balozi jioni ile ile.

"Wamehitimu?" akauliza.

"Wamehitimu wote. Hawaji."

"Hawaji wapi?"

"Kupiga kura. Hawana nguo safi."

Akasimama. "Wewe! Nimekupa kazi, unampinga mgombea?"

"Mzee, mgombea atashinda. Hata huyu wa mgongoni anajua. Anayegombea hapa ni wewe. Katibu kata akiuliza watu wako wako wapi, utamwambiaje? Wako nyumbani, wananuka?"

"Hii ni hujuma. Nitawaandika wote."

"Andika, nianze mimi. Lakini na sababu uiandike."

Mwanangu, ambaye hakuwa na siasa yoyote, akakojoa wakati huo huo na kuanza kupiga kelele. Nikamfungua pale pale mlangoni pa balozi, nikafunua nepi, nikamgeuza. Nyama ilikuwa nyekundu kama ya buchani. Mzee akageuza uso upande wa mazizi.

"Mfunike mtoto, mama."

"Nimfunike na nini?"

Nami sikumfunika. Nilimbeba vile vile, uchi, nikapita naye katikati ya kijia mpaka kwangu ili kila mwenye macho aone.

Asubuhi yake sabuni ilikuwa imefika. Ililetwa na lori gani, sijui. Malori yote ya mji yalikuwa yamelala kwa kukosa dizeli. Ilikuwa imeshika vumbi, na punje za mahindi zimenasa ubavuni, kama kitu kilichokaa muda mrefu chini ya magunia ya mtu. Balozi aliikata mwenyewe kwa kisu, uso umekunjamana kama anayekatwa yeye, na kila kaya ikapata kipande cha kama kidole. Alisema tumshukuru mgombea. Tukamshukuru. Unashukuru tu, wakati kisu bado kiko mkononi mwa mwingine.

Siku hiyo michongoma yote ya Bagara ilivaa nguo. Mimi nilifua nepi. Nilizifua zote, nikazichemsha, nikazifua tena, na kipande kikaishia kwenye vidole vyangu kabla sijaigusa khanga yangu.

Kwa hiyo siku ya kura tulipanga foleni wanawake wasafi kama maharusi, pamoja na mimi na khanga yangu ya majivu. Bibi alikuwa mbele, shuka jeupe, kichwa juu, hatafuti mlango. Balozi alisimama kando ya katibu kata akitabasamu, mpaka nilipomfikia. Akainama.

"Mama, na sabuni nilikupa!" akanong'ona.

"Ulimpa mtoto, mzee. Ndiye msafi. Mnuse."

Niliingia kwenye kile chumba cha mapazia na hasira zangu zote. Nikamtazama yule bwana na kola yake. Mwanangu alikuwa amelala mgongoni, amelala kweli, bila kushtuka, kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima. Nikaweka alama kwenye Ndiyo. Usinicheke. Kwa kipande kile cha sabuni, ambacho kilikuwa haki yangu tangu siku kilipotiwa chini ya magunia, walinipata. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba bei yangu ilikuwa ndogo vile na nilitoka nje nimepumua.

Nje bibi alikuwa amemshika balozi mkono.

"Baba, uchaguzi mwingine ni lini?"

"Miaka mitano, bibi. Mungu akipenda."

Bibi akamwachia. Akamtazama mwanangu, kisha akanitazama tumbo, akihesabu kitu kichwani.

"Basi jipange, mwanangu," akaniambia. "Huyo wa pili umzae karibu na kura."