Sanduku Lililopakiwa Nyuma

Mimi sina dogo, na walionipa unyapara pale uwanja wa ndege walilijua hilo. Vibarua wanaopakia na kupakua ndege za mizigo hawaongozwi kwa kubembelezwa, seuze na mwanamke. Mimi nakaa Kisauni, wao wengi wanakaa hapo hapo Changamwe, na bado nafika kabla yao. Wananiita mama, hata walionizidi umri. Nikipaza sauti nasikika juu ya injini. Siku ile nilipaza sauti mpaka ikakauka, na nusura isinifae kitu.

Asubuhi nilimkuta mzee mmoja nje ya ghala la mizigo, kanzu imepigwa pasi, kofia mkononi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia ametoka Likoni, ni Mdigo wa kule kule, na amekuja kumchukua binti yake. Binti alikwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani, akafia huko. Karatasi zilizungushwa weee mpaka watu wakachoka kulia. Wiki iliyopita waliambiwa anakuja, wakachimba kaburi, wakaja kungoja, ndege ikafika bila yeye. Kaburi wakalifunika mabati mbuzi wasije wakatumbukia. Mkewe alikuwa ameketi ndani ya pikapu kando ya ukuta, amejitanda buibui, haongei na mtu.

"Leo yumo, mwanangu?" mzee aliniuliza.

Nilitazama karatasi zangu, yumo. Nikamwambia yumo, baba, adhuhuri haitapita hujampata. Nilijitia kimbelembele. Angekuwa mtu mwingine ningemwambia ngoja tuone.

Ndege ilipotua tulianza kazi kama kawaida. Mzigo wa Mombasa ulikuwa mbele, karibu na mlango, umefungwa kwa nyavu juu ya mabamba yake, nao tuliushusha kwa mashine ya kunyanyulia. Sanduku hatukuliona. Desturi yetu sote, Mwislamu na Mkristo, ni kwamba maiti hutangulia kutoka, na juu yake hapawekwi kitu hata kofia. Basi nikapanda mwenyewe, nikamulika kurunzi ya simu juu ya mizigo. Lilikuwa mwisho kabisa, mkiani, nyuma ya shehena inayoendelea na safari kwenda kusini. Juu yake walikuwa wameweka katoni za vipuri.

Wallahi nilitukana. Niliwatukana waliopakia huko walikotoka, na wazazi wao nikawagusa kidogo, Mungu anisamehe.

Nilipoteremka kuagiza mashine irudi, nikaikuta imekata roho. Mafuta yake yamemwagika yote juu ya lami na dereva amesimama anayaangalia. Nyingine ya kufika mlango ule hatuna. Nikamwendea lodimasta, yule bwana mgeni anayesafiri na ndege na kujua kila kilo imekaa wapi. Akatikisa kichwa. Bila mashine hawezi kushusha shehena ya kusini, na rubani amebakiwa na muda mchache wa kuruhusiwa kuruka. Akasema maiti ataendelea na safari, atarudishwa wiki ijayo. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi.

Wiki ijayo! Nilimwambia kuna mzee pale nje na kaburi lililofunikwa mabati. Nilimwambia sisi kwetu maiti hulala chini siku ile ile, huyu ameshakaa nje ya ardhi kiasi gani? Nikamwambia tutaingia ndani tutoe shehena kwa mikono. Akanijibu, na hapo alikuwa na haki yake, kwamba nikiipunguzia ndege uzito wa mbele na mkia ukabaki na wake, itakaa kitako pale pale na watu wakiwa ndani.

Niligeuka nikaona vibarua wangu wamenizunguka, wananitazama mimi. Kule getini mzee alikuwa amesimama, ameshika uzio kwa mikono miwili. Nilitaka kulia, na mimi kulia mbele ya vibarua bora nife.

Ndipo nikamwambia lodimasta, hatutashusha hata katoni moja. Tutafungua nyavu, tutausogeza mzigo mbele humo humo ndani, tuurundike karibu na mlango, uzito uhamie mbele. Tutapata kinjia. Tukishamtoa, tutarudisha kila kitu mahali pake na kukaza nyavu, naye akague. Aliangalia gari la mafuta lililokuwa linaijaza ndege. Akasema bomba la mafuta likichomolewa, amefunga mlango, tuwe tumemaliza au hatujamaliza.

Tuliingia kufa kupona. Humo ndani mna joto la tanuri la mkate, na hewa haiendi popote. Wanaume walivua mashati. Tulisimama mstari, katoni zikapita kutoka mkono hadi mkono, majora ya vitambaa yakafuata, na mimi katikati yao nakaripia kila anayepumua. Mmoja alilia vidole vimebanwa, nikamwambia atalia nje. Jasho liliniingia machoni. Kila mara nilituma mtu mlangoni aangalie bomba, naye akirudi anasema bado, mama, bado. Nikawa namwomba Mungu mafuta ya dunia nzima yamiminwe ndani ya ndege ile, yasiishe.

Nililifikia sanduku nikitambaa kwa tumbo. Tukaondoa zile katoni za juu, nikapangusa vumbi kwa kiganja, nikasema samahani mwanangu. Halikuwa hata sanduku la maana, ni mbao za playwudi zilizoshonewa gunia. Njia tuliyoipata ilikuwa nyembamba mno, ikabidi tulipitishe juu ya vichwa, viganja vinalipokea na kulisogeza. Nilikuwa nimejikaza kuupokea uzito. Viganja vikalipeleka tu. Niliona vibarua wanatazamana, nami nikajiambia ni hizo mbao, mbao za siku hizi si mbao.

Tuliliteremsha kwa ngazi, mkono kwa mkono, tukarudisha shehena, na bomba lilichomolewa tukiwa tunakaza wavu wa mwisho. Lodimasta alikagua, akanigusa bega, akafunga mlango wake.

Tulilipeleka sanduku kwa kigari mpaka ghalani, kwenye kivuli, na mzee akaruhusiwa kuingia peke yake kutia sahihi. Hakulia. Alisoma fatiha, kisha akaniuliza kichwa kiko upande gani, kwa sababu aliambiwa asifungue, na yeye lazima amlaze binti yake kuelekea kibla. Hilo tunalijua sisi kwa mikono, upande wa kichwa na kifua huzidi uzito kidogo. Nikainua huku, nikainua kule, nikamwonyesha: huku, baba.

Akainama, akalishika upande ule ahakikishe mwenyewe. Mzee yule, miguu kama fimbo, alilinyanyua mpaka magotini, bila msaada wa mtu. Akabaki amelishika vile vile, kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya. Kisha akaliteremsha taratibu.

"Alikuwa na mwili mwanangu huyu," alisema. "Mamake kila akipiga simu humwuliza, umekula? Naye hujibu, nimekula, mama."

Alifuta uso kwa kofia yake, akatazama nje kwenye pikapu.

"Mbebeni kama mzito," alisema.

Nilitaka kuita watu, sauti ikakataa kutoka. Sikuhitaji kuita. Sita walijitokeza wenyewe, kazi ambayo wawili wangeifanya huku wanapiga soga. Hao ni watu wanaojitwika magunia bila kuguna. Walipiga magoti, wakavuta pumzi, wakalipandisha mabegani kwa kishindo, na mmoja akasema polepole jamani, polepole. Walikwenda hatua fupi fupi, migongo imepinda, shingo zimetoka mishipa. Katikati ya uwanja walisimama wakapokezana mabega. Wa nyuma alikuwa analia, akasingizia jasho.

Mama mtu aliteremka kwenye pikapu. Aliwatazama tangu wanatoka ghalani mpaka wanalisukuma sanduku garini kwa kuguna na kutweta. Alinigeukia mimi, labda kwa kuwa mwanamke mwenzake nilikuwa peke yangu pale.

"Mzito?" aliniuliza.

"Mzito, mama."

Akashusha pumzi, akajifunga buibui vizuri.

"Alhamdulillahi," alisema. "Basi alikuwa akila."