Aliyeniita Kofia Kariakoo

Wewe unayesoma hii umeketi kwako na chai yako, cheka kama unataka kucheka. Kaka yangu naye alicheka sana, siku hizi hacheki tena. Ninachokusimulia kilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, Kariakoo, watu wamejaa kila upande, na sikuwa nimelewa wala sikuwa na homa. Kitu kimoja tu sitakupa, nacho ni jina langu. Vumilia, utajua kwa nini.

Mimi ni afisa misitu. Halmashauri yetu, huko mkoani Pwani, ina msitu wake wa hifadhi, na kazi yangu ni kuutunza: kulinda mipaka, kusimamia ufyekaji wa barabara za kuzuia moto, kufukuza wachoma mkaa, kuwaruhusu kina mama waokote kuni kavu siku zao. Miaka ya karibuni tumeongezewa na wageni. Upande wa mto tumetengeneza mahali pa kupumzikia, vibanda, meza za mbao, sehemu ya watoto kuogelea, na watu wa Dar wanakuja mwisho wa wiki na majiko yao ya kuchomea nyama. Naipenda kazi hii, sikufichi.

Sasa kuna desturi niliyoikuta pale. Ukishavuka geti, humwiti mwenzako kwa jina lake la nyumbani. Kila askari wa msitu ana jina la porini. Wenyeji wanasema bondeni, ule upande tulioufunga, kuna mwenyewe, na mwenyewe huyo anaokota majina. Mimi ni Mchaga, nimebatizwa, nimeimba kwaya, nikalichukulia jambo hilo kama utani wa kazini. Wakaniita Kofia, kwa sababu ya kofia yangu pana ya ukindu. Mwenzangu wa doria, dada mmoja wa Kizaramo mwenye maneno mengi, wakamwita Chiriku. Huyo dada ni kama tumetoka tumbo moja. Tumekula pamoja, tumekimbizwa na nyuki pamoja.

Utani uliniisha tulipoajiri vibarua wa kufyeka. Mmoja wao, mcheshi kweli, alisimama juu ya bonde akapiga kelele jina lake lote, la kwake na la baba yake, asikie mwangwi. Mwangwi haukurudi. Tukacheka. Siku chache baadaye, tukiwa tunakula, aliweka sahani chini, akasema, "Naitwa," akateremka bondeni huku anatabasamu. Tulimtafuta sisi, wakamtafuta polisi, kikatoka kijiji kizima. Tulichopata ni buti zake, zimepangwa vizuri kando ya kijito, kama za mtu aliyeingia msikitini.

Tangu hapo desturi nikaishika kwa mikono miwili. Halafu, wiki moja kabla ya hayo ya Kariakoo, Chiriku alinijia getini amepauka.

"Kofia, umeniita?"

Sikuwa nimemwita. Alikuwa ameisikia sauti yangu ikitoka bondeni: Chiriku, Chiriku. Hakuitika.

"Jina la porini ni upindo wa nguo tu," akaniambia. "Hapo kakushika nguo. Akilipata la nyumbani, ndiyo kakushika mkono."

Haya. Sikukuu zilikuwa zinakaribia, wageni wangekuwa wengi, nikaja Kariakoo kununua kamba na rangi ya mabango. Kaka yangu mkubwa ana duka la vifaa vya ujenzi pale. Nilimkuta na wateja, nikampa shikamoo yake, nikatoka nje kumsubiri kwenye nguzo ya baraza. Ilikuwa saa saba mchana, ile saa ambayo watu wa pwani huwakataza watoto wasizurure. Spika za wauza nguo zinapiga kelele za bei, mikokoteni inapita, "Pisha! Pisha!" Kofia yangu niliiacha ofisini.

"Kofia!"

Nikaitika, "Naam!"

Unaliona kosa langu? Msituni nisingeitika ng'o. Lakini Kariakoo, kwenye zile kelele, nani ana habari na bonde? Niliitika kama mtu aliyeitwa na mwenzake wa kazi. Mate hayajakauka mdomoni nikakumbuka kwamba jina lile halijawahi kutumika nje ya geti.

Alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara. Mwanamume wa makamo, shati la kijani kama letu, suruali imejaa kishonanguo toka pindoni mpaka magotini. Niambie wewe, kishonanguo kinaota wapi Kariakoo? Alikuwa peku, na miguu yake ina tope jekundu bichi, wakati lami inaunguza. Wapita njia walikuwa wanamzunguka bila kumtazama. Watu wa Kariakoo hao, wanaokupiga kikumbo hata ukiwa umebeba mtungi wa gesi!

Akavuka, akaja mpaka mbele yangu.

"Kofia," akasema, "maji yamebaki?"

Mdomo ulikuwa wa mwanamume, sauti ilikuwa ya Chiriku. Na maneno yale Chiriku aliwahi kuniuliza kwenye doria, nikampa chupa yangu.

"Wewe nani?" nikamwuliza.

"Wewe nani?" akanirudishia, kwa sauti yangu mwenyewe. Halafu akaongeza, "Tuishie bikoni ya mwisho ya mpaka, jua kali." Na hayo pia yalikuwa maneno yangu. Ndipo nikaelewa kwamba hana neno lake hata moja. Kila alichosema kiliwahi kusemwa msituni kwetu, naye alikuwa anachagua, kama fundi anayejaribu spana mpaka apate inayoingia.

Alinisogelea nikasikia harufu ya majani yaliyooza.

"Chiriku," akasema taratibu. "Jina lake... la nyumbani... nani?"

Kila kipande kilikuja na sauti ya mtu wake. Kile cha "la nyumbani" kilikuwa changu, nilivyokuwa nawauliza vibarua wapya pale getini kabla hawajaingia.

Naapa, jina la yule dada lilinijaa mdomoni lenyewe, kama tonge la moto unalotaka kulitema. Nikaliuma. Nilijua nikilitoa, kesho kutwa nitakwenda kuokota buti zake kando ya kijito. Nikaanza Baba Yetu kimoyomoyo, nikaipoteza katikati. Simu ikatetemeka mfukoni. Sikuthubutu kuitoa, maana kioo kingeandika jina la anayepiga, na je, kama ni yeye? Niliibana juu ya suruali mpaka ikanyamaza. Yule mtu akautazama mkono wangu, akatabasamu. Tabasamu lile nilikuwa nalifahamu. Ni la yule mfyekaji, siku alipoweka sahani chini.

Hapo kwa pembe ya jicho nikamwona kaka anatoka nyuma ya kaunta, anajifuta jasho, anavuta pumzi. Namjua kaka yangu. Akiita mtu yeye, mtaa wa pili wanaitika. Na huniita jina la ubatizo pamoja na la baba, kama alivyozoea toka nyumbani.

Nilimrukia. Nilimziba mdomo kwa viganja vyote viwili, tukaanguka pamoja juu ya ndoo za rangi, wateja wakaanza kupiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" Wewe unajua neno hilo linavyoweza kumuua mtu Kariakoo. Hata hilo sikuliogopa. Nilipoinua kichwa, yule mtu alikuwa anaondoka polepole kuelekea Msimbazi, na huku anakwenda anaongea. Zikanijia sauti za kina mama, moja baada ya nyingine.

"Salma, toka kwenye maji."

"Brayani, usiende mbali, baba."

"Neema, njoo ule."

Walikuwa wageni wetu wa mwisho wa wiki. Mbele yake, kwenye umati, msichana mdogo aliyeshika sketi ya mama yake akageuka, akasema, "Abee?" Mama akamvuta mkono, wakapotea kwenye watu. Mpaka leo sijui kama alimvuta mapema ya kutosha.

Kaka alinisukuma, mdomo unavuja damu. "Una wazimu wewe?"

"Kaka, nakuomba, usiniite jina."

"Nisikuite? Nimekuita humo ndani mpaka koo limekauka! Umesimama hapo kama gogo, hata kugeuka hugeuki!"

Nikakaa chini kwenye rangi iliyomwagika. Mimi sikuwa nimemsikia, kwa kelele za zile spika. Lakini yule aliyekuwa mbele yangu je?

Jibu lake nililipata baada ya sikukuu. Tulikuwa tunapita juu ya bonde mimi na Chiriku, nikamsikia kaka yangu ananiita kutoka chini ya miti. Kaka yangu, ambaye hajawahi kukanyaga msitu ule. Aliita la ubatizo na la baba, na nyuma ya sauti yake, kwa mbali, zilisikika spika za Kariakoo zikitaja bei. Miguu yangu iligeuka yenyewe. Na nitakwambia jambo la aibu: nilisikia raha. Nilijiona kama naitwa mezani nyumbani. Chiriku alinikamata mkanda, akajibwaga chini na uzito wake wote, akaanza kuongea, yaani kuongea kwake kule unakokujua sasa, mpaka ile sauti ikanyamaza.

Bado nafanya kazi pale. Niende wapi, na mjini kwenyewe alinifuata? Tukipita juu ya bonde tunafungana kiunoni kwa ile kamba niliyoinunua siku ile. Nyumbani ukiniita siitiki mpaka niuone uso wako. Mama alikuja kunitembelea toka Moshi, akawa ananiita toka jikoni, mimi nimesimama nyuma ya mlango naiogopa sauti iliyonilea. Alilia siku ile. Nami nililia, lakini sikuitika.

Pale getini tumeweka bango linalomkataza mgeni kumwita mtu kwa jina. Wageni wanapiga nalo picha, wanacheka, wanaingia. Basi wewe ukija, karibu sana, choma nyama yako, ogelea. Ukimtaka mwanao, mpigie makofi, au inuka umfuate ukamshike. Na kama ulishawahi kuja, ukasimama ukingoni mwa maji ukamwita kwa jina, siku ukienda naye Kariakoo usimwachie mkono. Akikwambia, "Mama, umeniita," mkatalie, hata kama sauti aliyoisikia ni ya kwako.