Daftari Chini ya Kaunta

Jumanne nilikuwa Kondoa, kwenye duka la pembejeo, nanunua dawa ya kuku. Wakaingia mabinti wawili kutoka Dodoma mjini, waliotengeneza programu ya simu ya kuwapa wakulima bei za alizeti.

"Shikamoo, mama," mmoja akamwambia mwenye duka. "Wakulima wa Busi hawafungui ujumbe wetu."

"Marahaba." Mama akachomoa daftari la wateja wake chini ya kaunta, akalamba kidole, akafunua, akaonyesha jina. "Simu ya huyu anakaa nayo mwanawe. Hawa wanapata mtandao mlimani tu, na hupanda Ijumaa baada ya swala. Tumeni saa hiyo."

"Tukushukuruje, mama?"

"Waambieni na mbegu zao zimefika."

Nilizoea kusema ushirikiano wa wadau ni maneno ya kongamano, yanaisha na vitafunwa. Asante, mama. Kuku wangu wamepona, na mimi pia.