Mkalimani wa Kituoni

Kabla hamjanihukumu, niseme kwanza kwamba mshahara sikupata. Nilipewa mchele mara mbili na dumu la mafuta ya kupikia mara moja, na vyote hivyo mke wangu alivipokea jikoni huku akiniuliza vimetoka wapi, na mimi nikajifanya sisikii. Kazi yangu ni duka la vitambaa hapa Dunda, duka la baba yangu na kabla yake la babu yangu. Ningebaki nalo kwa amani kama nisingekuwa na huu ugonjwa wangu wa kupenda kuonekana mtu muhimu.

Kiarabu nilikipata Maskati. Nilikwenda kijana, kwa mjomba wangu, nikasimama dukani kwake miaka saba, nikarudi na Kiarabu cha sokoni ambacho hapa mjini watu wanakiona elimu kubwa. Mkuu wa kituo alinikuta siku moja nazungumza kwenye simu na binamu yangu wa huko. Alikuja kununua kitambaa cha pazia. Kijana mpole, mtu wa bara, shikamoo haimpiti. Akaniuliza, "Mzee, hicho ulichokuwa unaongea ni Kiarabu?" Nikamwambia ndiyo, na nikaongeza maneno mawili matatu ambayo hakuniuliza.

Kituo chenyewe kiko kaskazini, ukishaipita Mkange, karibu na ufuko ambao hauna gati wala taa lakini vyombo vinafika. Ndiyo tunayoiita bandari bubu. Jina lake sitalitaja, wenyewe wanajijua. Ni nyumba moja ya matofali, bati lenye kutu, na kamba iliyokatiza barabara, imefungwa matambara mekundu ili madereva waione. Askari watatu, au wawili, maana mmoja yuko likizo daima. Boti ya doria wanayo, imeegeshwa juu ya mawe, haina injini. Injini ilipelekwa kwa fundi. Nilipouliza ilipelekwa lini, wakacheka.

Kutoka kituoni hadi ufukweni hata sigara haijaisha umeshafika. Na bado mizigo ilishushwa mchana kweupe: sukari, mafuta, matairi kutoka nchi sizijui. Wapakuzi wakimwamkia askari, askari anaitikia, kila mtu anaendelea na shughuli zake. Hakuna aliyeshangaa. Sukari ile hata sisi tuliinywea chai.

Wiki mbili baada ya pazia, bodaboda ikaja dukani kunichukua. Kulikuwa na maboksi yenye maandishi ya Kiarabu, wanataka kujua ndani mna nini. Nikasoma: sabuni. Wakanishukuru, wakaniita Mkalimani, nikarudi na kilo zangu za mchele na kifua mbele. Mke wangu akasema, "Mkalimani wa nani? Wa mahakama? Wa rais?" Nikamwambia hajui mambo ya serikali. Akasema hayo mambo kama ni ya serikali, kwa nini yanalipwa kwa mchele. Yule mwanamke ana mdomo, lakini siku hiyo ningemsikiliza, yasingenikuta.

Mara ya nne kuitwa, hayakuwa maboksi. Nilikuta watu wanne wamekaa barazani, viatu wamevuliwa, wanaume watatu na binti mmoja, Wahabeshi. Chombo kiliwashusha alfajiri pamoja na wenzao wengi. Wenzao walichukuliwa na gari lililokuwa linawasubiri, hawa wanne wakapotea kwenye mikoko mpaka askari wakawakuta. Wanaume hawakujua neno la Kiarabu. Binti alijua kidogo, kwa sababu mama yake alifanya kazi za ndani Maskati miaka mingi. Umri wake kama wa kitinda mimba wangu. Mguu ulikuwa umechanika, ameufunga kwa kipande cha mtandio. Alisema anamfuata mumewe Afrika Kusini, na akaniuliza hapa ni wapi.

Mkuu akanivuta pembeni. "Mzee, mwambie kuna njia mbili. Twende mahakamani, wafungwe, halafu warudishwe kwao. Au watu wao watusaidie, na gari linawachukua, wanaendelea na safari. Hao wengine kuna mtu wao anashughulika. Huyu binti mama yake ndiye mwenye uwezo." Halafu akaniambia simu yake haina salio, nitumie yangu. Mezani kwake zilikuwa simu mbili. Nilizitazama, na bado nikatoa yangu.

Basi nikapiga. Sisi hapa hatuanzi na shida. Nilimpa salamu kamili, nikamuuliza afya yake, nyumba yake, wazee wake, mvua za kwao, huku mkuu akizungusha kidole hewani niharakishe. Mama yule akaanza kulia kabla sijasema lolote, kwa sababu nilikuwa nazungumza kama watu wa ile nyumba aliyoitumikia. "Wewe ni nani, baba yangu?" Nikamwambia mimi ni mtu mzima, Mwislamu, nina mabinti. Nikamwambia asiwe na hofu, mwanawe yuko katika amana yangu mpaka atakapoondoka salama.

Wallahi sikulipima lile neno. Lilinitoka kama linavyonitoka "karibu tena" mteja akiondoka bila kununua. Lakini yeye alilishika. Alilirudia, "Amana," kisha akasema, "Basi nimetulia." Hapo ndipo nilipomweleza kuhusu msaada unaotakiwa, na nilimweleza kwa maneno mazuri, ya kuombana, hata mimi mwenyewe sikusikia ubaya wake. Akasema anazo bangili za dhahabu alizorudi nazo kutoka Maskati, ataziuza.

Ilichukua siku mbili. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani, nikamsimulia mke wangu, nikitegemea ataniona shujaa. Alipika wali na samaki, akafunga na dera lake moja la zamani na dawa ya kidonda, akasema, "Mpelekee. Na usirudi mpaka umwone anapanda gari." Kesho yake nikampelekea. Binti akala, akavaa lile dera, akawa kama mtu wa hapa hapa. Mchana mkuu akapigiwa kwamba zile fedha za bangili zimefika kwa mtu wake. Akanipiga begani. "Mzee una ulimi wewe! Mimi ningebishana naye wiki nzima."

Ikasemwa gari litakuja kesho, Ijumaa, baada ya alasiri. Nikalala kwa jamaa yangu mmoja Mkange ili niwepo. Asubuhi nikaenda kituoni, binti akaniuliza kama nitakuwapo gari likija. Nikamwambia inshallah. Mkuu akasikia, akacheka. "Mzee, kakimbilie sala yako mjini. Hapa kuna nini tena? Kazi imekwisha." Bodaboda ilikuwapo, nimechoka, shati la jana, na nilitaka kusali msikitini kwangu nikiwa msafi. Nikaenda. Hakuna aliyenisukuma.

Mke wangu aliniuliza swali moja, "Amepanda?" Nikasema amepanda. Mungu anisamehe.

Mama yake alinipigia Jumapili. Salamu ndefu, kama zangu, kisha akauliza binti amefika wapi. Nikamwambia yuko njiani, njiani mtandao unasumbua. Jumatano akapiga tena. Ijumaa tena. Mume wa binti kule Afrika Kusini hajasikia lolote, simu ya binti haiiti. Sasa nikaanza kukosa usingizi, na kula nikawa nakula basi tu. Nikafunga duka, nikaenda kituoni.

Mkuu hakuamka kitini. "Mzee, mimi nilimkabidhi kwa dereva. Dereva ana watu wake huko mbele."

"Watu gani?"

"Kwani kituo ni hiki tu? Nenda zako dukani, Mzee. Usijitafutie mambo."

Aliyenifumbua macho ni dereva wa bodaboda aliyenileta, yule yule wa siku zote. Tulikuwa tumefika nusu ya njia ya kurudi, nikamwambia shida yangu. Akapunguza mwendo. "We Mzee, kwani ulikuwa hujui? Gari likitoka pale, simu inapigwa. Huko mbele wanasimamishwa upya, wanaombwa upya, kama vile hawajawahi kutoa. Asiye na mtu wa kumtolea anabaki." Nikamuuliza anabaki wapi. Akasema hilo wanajua wenyewe. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Nilidhani ni wewe unayepanga nao," akasema. Nilishuka pale pale, nikakaa kando ya barabara.

Siku ya pili nilivaa kanzu safi nikaenda ofisi kubwa, kwa wakubwa wao. Nilipokewa vizuri, nikapewa kiti. Afisa akafungua daftari, akapitisha kidole. Wiki ile katika kituo kile hakukamatwa mtu. Kulikuwa shwari. Nikamwambia nimewaona kwa macho yangu, wanne, barazani. Akafunga daftari taratibu, akaniuliza fedha ziliombwa kwa simu ya nani. Nikatazama dirishani. Akauliza tena, kwa upole ule ule, akachukua kalamu. Niliogopa, nasema kweli. Nilifikiria duka, nikamfikiria mke wangu akiniletea chakula rumande. Nikamwambia labda nimechanganya siku, nikaaga, nikaondoka. Nikiwa nje nilijitukana matusi ambayo tangu Maskati sikuwahi kuyatoa mdomoni.

Wiki ya tatu mama yule alinipigia mchana, nikiwa namkatia mteja kitambaa. Nilibana simu na bega. Tukasalimiana. Alikuwa na sauti ya mtu anayejipa moyo. Akasema anamshukuru Mungu kwamba binti yake aliangukia kwangu, maana dunia imejaa matapeli, hata yeye nusura wamwibie.

"Matapeli gani, mama?"

"Yule wa Jumamosi, siku moja baada ya Ijumaa ile ya gari. Mtu amenipigia, Kiarabu kibovu, hana salamu, hana hata habari ya asubuhi. Ananiambia anaye binti yangu, nitoe tena. Nikamwambia wewe mwongo, binti yangu yuko kwa mtu wa heshima, yuko katika amana. Akapiga mara ya pili. Nikasikia nyuma mwanamke analia, ananiita mama. Nikasema, hawa watu wanajua kuigiza! Nikamfungia asinipate tena, wala sikutaka kukusumbua na upuuzi wao."

Mkasi niliuweka chini. Nikamwomba namba ya yule mtu.

"Nilishaifuta, baba yangu. Ya kazi gani?" Kisha akasema, "Kwa nini unaitaka?"

Nilimwambia mteja anisamehe, arudi kesho. Nikafunga mlango wa duka kwa ndani, nikakaa juu ya robota la kanga, nikamweleza yote. Kwamba yule mtu hakuwa mwongo. Kwamba vituo vinapigiana simu. Kwamba mimi si askari wala mkubwa wa mtu yeyote, ni muuza vitambaa, na siku ile gari linakuja mimi sikuwapo, nilikwenda kusali. Sikujitetea. Nilieleza mpaka mwisho.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga, angenilaani, ningejua pa kushika. Aliniuliza, kwa adabu ile ile, iwapo binti yake alikuwa karibu kiasi cha kumsikia yeye, mama yake, akimwita yule mtu mwongo.

Nikamwambia sijui.