Simu za Kilio Ndani ya Kombi ya Katende

Kombi ya Papa Katende haikuwa na injini, lakini pale Kamina, nyuma ya reli, watu waliapa kwamba iliwahi kwenda Kabongo na kurudi peke yake, imechoka kungojea dereva. Katende, karani wa reli wa zamani, aliishi humo na mke wake Talitha tangu mvua ibomoe nyumba yao. Juu ya paa kulikuwa na pano ya jua, sahani ya kuvuna umeme, chini ya kiti batri, na pembeni frigo ndogo ya kutunza baridi. Ndani ya frigo zililala chupa nne za insulini, uhai wa Talitha wa miezi miwili.

Fundi Éphraïm alikuwa amemfundisha Katende: kila kitu, wati zake mara masaa yake, kisha ujumlishe. Katende akaandika kwa chaki mlangoni. Taa mbili, arobaini kwa siku. Radio, thelathini. Frigo, inayowaka na kuzima, mia nne na hamsini. Jumla mia tano na ishirini. Batri ilitoa mia sita bila kuumia. Akalala usingizi wa askofu.

Halafu jirani yao Mwepu, naye wa reli, akafiwa na mama, mzee mwenye jamaa wengi kuliko panzi wa kiangazi. Wote walipaswa kuitwa, Bukama, Lubumbashi, mpaka Kasai. Simu zikaanza kuingia kombini kuchajiwa: tatu, tisa, mwishowe ishirini na tatu.

"Papa Jenny," Talitha alimuuliza mumewe, akimwita kwa jina la binti yao, "hizi simu uliziandika ku mlango?"

"Bintu ya kilio, muntu hahesabu."

"Frigo nayo iko inajua ile desturi?"

"Weye mwanamuke, twende tulie na bengine."

Wakafunga kombi bila kufuli, wakaenda kulala kwenye uwanja wa kilio kama majirani wote, siku tatu, Talitha amebeba sindano zilizojazwa za siku hizo. Waliohitaji simu waliingia na kutoka wenyewe. Mawingu yalikuja asubuhi, jua likachoma mchana, bati la kombi likawaka kiasi cha kuivisha yai la mbuni.

Siku ya nne Katende alifungua frigo. Haikunguruma. Hewa iliyotoka ilikuwa ya joto kama pumzi ya mgonjwa. Insulini ilikuwa imeharibika kwa joto, imefanya vipande vyeupe ndani ya chupa. Hapo ndipo alipohesabu: simu moja wati kumi, mara ishirini na tatu, mia mbili na thelathini. Batri ilikuwa na themanini tu za ziada.

Talitha aliinua chupa moja kwenye mwanga, akairudisha. Tayari kinywa chake kilikuwa kikavu, na maji hayakumtosha.

"Usimwambie Mwepu," alisema. "Atasema kilio ya mama yake njo iliniua."

"Haukufa."

"Usimwambie tu."

Mwepu akaja jioni hiyo, kichwa kimenyolewa, kushukuru kwa ajili ya simu.

"Ile ni bure, ndugu yangu," Katende alisema. Alitazama chini. "Ila miye niko na shida. Dawa ya Mama Jenny imeisha. Pale hospitali haiko. Ndugu yako wa Lubumbashi anaweza kutuma?"

Mwepu akapiga palepale. Ndiyo, ndugu atanunua kesho, ataiweka kwenye treni.

"Treni ya siku gani?" Talitha aliuliza kutoka kitandani.

Wanaume wawili, wote watoto wa reli, walijua kwamba treni ile huchukua wiki moja au tatu, inavyotaka yenyewe. Katende akachukua chaki, akaanza kuhesabu siku mlangoni.