Pongo wa Kichiwa na Majivu ya Baba Mdogo

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa huku juu kati ya Njombe na Makambako, mtoto alitoka nyumbani asubuhi ya mwezi wa saba akiwa na viazi viwili vya moto mfukoni, kimoja kila upande. Havikuwa vya kula, walau si wakati ule. Vilikuwa vya kupasha mikono. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, miguu haikuwa na viatu, na nyuma ya kaptura mama alikuwa ameshona kiraka cha rangi nyingine kabisa. Kiazi kikishapoa ndipo tulipokila, pamoja na ganda lake na takataka za mfukoni. Leo nawaona vijana wa Makambako wamejifunika makoti mazito yenye kofia, mikononi glavu, na bado wanalalamika kwamba baridi itawaua.

Kwetu ni Kichiwa. Jumamosi tulianza na kuni, maji, na kumwagilia vinyungu, yaani zile bustani za bondeni tunazolima maharage na mahindi wakati wa kiangazi. Kazi zikiisha tulikwenda kuwinda. Nasema kuwinda kwa sababu ndivyo tulivyojiambia wenyewe. Mgeni angetuona angesema ni watoto wachache na mbwa mmoja wanaozurura porini mpaka njaa iwarudishe nyumbani. Mbwa wetu tulimwita Simba, na alikuwa akimwogopa kuku mwenye vifaranga.

Kiongozi wa msafara alikuwa Baba mdogo Elia, mdogo wake baba yangu, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na mkuki. Katika ujana wake aliwahi kuwa mwindaji kweli, wa kutega nyavu na kurudi na nyama begani. Tulipokuja sisi, mambo yalikuwa yamebadilika. Mashamba yalikuwa yamefika kila mahali, miti ya miwati imepandwa vilimani, na wanyama wamebaki wa kusimuliwa. Tuliyemtaka sisi alikuwa pongo, yule mnyama mwekundu mwenye madoa meupe ubavuni, mkubwa kuliko mbuzi na mwenye aibu kuliko bibi harusi. Ungeweza kumaliza mwaka mzima usimwone hata mkia.

Kwa hiyo somo la Baba mdogo halikuwa namna ya kurusha mkuki. Lilikuwa namna ya kutafuta mahali pazuri pa kuwindia wakati wanyama wenyewe hawapo.

"Wakiwa wachache, usimtafute mnyama," alikuwa akituambia. "Jiulize wewe ungekaa wapi kama ungekuwa yeye, na hutaki kabisa kuonana na watu."

Alitufundisha tusipoteze muda kwenye uwanda. Twende pale miwati inapokutana na vinyungu, kwa sababu hapo pongo anakula maharage ya watu na kujificha kwa kuruka mara moja tu. Tutafute mteremko unaotazama jua linapochomoza, maana asubuhi ya baridi naye anataka kuota jua. Tutazame miche iliyochubuliwa gome, kwani hapo dume limekuwa likisugua pembe. Tutafute njia nyembamba kati ya kichaka na kichaka. Masomo hayo niliyajua kuliko katekisimu, na mwinjilisti wetu aliligundua hilo mapema sana.

Nilijiona bingwa. Siku moja nilisimama mbele ya wenzangu, nikainama, nikaokota vidonge vya mavi, nikavipondaponda kwa vidole na kuvinusa nimefumba macho. Nikatangaza kwamba ni pongo, dume, na amepita alfajiri. Binamu yangu Danieli akanionyesha nyuma yangu. Mbuzi wetu alikuwa amesimama pale, anaendelea kuvidondosha.

Lakini kitu tulichokiheshimu kuliko vyote kilikuwa kikopo cha Baba mdogo. Kilikuwa cha tumbaku zamani, sasa kimejaa majivu ya jikoni. Tukifika mahali penye dalili zote, alichota majivu kidogo, akainua mkono na kuyaachia. Upepo uliyachukua. Yeye aliyatazama kwa makini mpaka yakatoweka, akasema, "Twendeni huku." Na huku kulikuwa kule kule majivu yalikoelekea. Hatukuhitaji kuelezwa. Tuliona wazi kwamba majivu yanajua alipo mnyama. Mimi ndiye niliyewapelekea habari hiyo wenzangu wa shule, nikaongeza kwamba lazima yawe majivu ya mwati, ya mianzi hayafai. Hilo la mianzi sijui nililitoa wapi.

Basi ukafika mwaka wangu wa kipaimara, na mdomo wangu ukaniponza. Tulikuwa tumetoka darasani kanisani, vijana wanatajiana watakachochinjiwa nyumbani siku ya sherehe. Huyu nguruwe, yule mbuzi, mwingine akadai ng'ombe, ingawa kwao tulijua hawana hata kamba ya kumfungia. Sisi kwetu palikuwa na jogoo. Nikasema, bila mtu kunilazimisha, "Kwetu mtakula pongo." Wote wakanyamaza. Ule ukimya ulikuwa mtamu sana, na niliulipia miaka yote iliyofuata.

Nilimwendea Baba mdogo nikamweleza nilichoahidi. Akasema, "Tutaangalia." Mama naye aliposikia alisema, "Jogoo simwachii, huenda tukamhitaji."

Jumamosi ya mwisho kabla ya kipaimara tuliondoka ukungu bado umelala bondeni. Tulikwenda kwenye mteremko ulio chini ya miwati ya ukoo wetu, na nawaambieni, sijawahi kuona mahali pazuri kama pale. Miche ilikuwa imechubuliwa, utomvu bado mbichi. Maharage ya mwisho wa kinyungu yalikuwa yameliwa usiku ule. Kulikuwa na kwato kwenye tope, na safari hii hapakuwa na mbuzi nyuma yangu. Moyo ulinidunda mpaka nikaogopa pongo atausikia. Baba mdogo akaachia majivu, nayo yakaenda moja kwa moja kwenye kichaka. "Twendeni huku," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko siku zote.

Tukateremka tumejipanga, hatusemi neno, rungu mkononi, viazi vya moto vinanukia mifukoni. Hakikutoka kitu. Chini kabisa nilikuta nyasi zilizolaliwa. Niliweka kiganja juu yake na zilikuwa bado na joto. Nililia pale pale, mtu mzima ninayekwenda kuthibitishwa mbele ya Bwana, nalilia mnyama ambaye sikumwona. Baba mdogo aliniwekea mkono kichwani. "Ametuwahi," akasema.

Siku ya sherehe darasa zima lilikuja kwetu na njaa yake. Mama alipofunua sufuria, Danieli alichungulia, akachagua kipande, akakiinua watu wote waone. "Huyu pongo ana bawa," akasema. Tangu siku hiyo jina langu ni Pongo. Nina duka la vifaa vya ujenzi Makambako, na hadi leo wazee wenzangu wakisimama mlangoni wanauliza, "Pongo, bati zimefika?" Wapo wateja wanaodhani ni jina la ukoo.

Baba mdogo naye hakupona. Kwenye kilabu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, walimwita mwindaji wa maharage. Kila akipita na mkuki wake, kuna aliyemuuliza kama leo nyama itatosha kijiji kizima. Yeye alicheka nao, akapokea kikombe, akakipitisha. Mimi nilikuwa namwonea aibu. Nilidhani kwamba ujuzi wake ulikuwa umemtoka pamoja na meno.

Sasa majuzi. Ule mteremko chini ya miwati ni wangu siku hizi, urithi kutoka kwa baba, na kama kila mtu wa Njombe nimepanda parachichi. Asubuhi moja nilikuwa namwaga majivu kwenye mashina kuzuia wadudu. Upepo ulikuwa unanijia usoni, nikapigwa na majivu yangu mwenyewe machoni. Nilipomaliza kujifuta na kulaani, nikainua kichwa. Pongo alikuwa amesimama mbele yangu, karibu kiasi kwamba niliona sikio lake likicheza. Alikuwa jike. Alikula jani la mche wangu bila haraka, akala la pili, hana habari na mimi. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu, kwa hiyo harufu yangu ilibaki nyuma yangu na hakuipata.

Nikayatazama majivu kwenye mikono yangu. Nilihitaji kuota mvi ndipo nielewe jambo dogo namna ile. Utoto wetu wote, Baba mdogo alikuwa anapima upepo, halafu anatupeleka unakokwenda. Kabla hatujakanyaga kichaka, harufu zetu, na za mbwa, na za viazi vya kuchoma, zilikuwa zimeshaingia kubisha hodi.

Siku ile ile nilipanda hadi nyumbani kwake. Baba mdogo sasa ni mzee sana, na asubuhi anakaa nyuma ya nyumba kuota jua, blanketi magotini.

"Kamwene, Baba mdogo. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona una majivu mpaka kwenye nyusi?"

Nikamweleza nilichokiona. Alicheka mpaka akakohoa.

"Umechelewa kidogo," akasema.

"Walikuwa wangapi wakati ule?"

"Niliowajua mimi, dume, jike na mtoto wao. Bonde zima."

"Na kipaimara changu?"

"Si ulikula jogoo? Ulikufa?"

"Walinicheka, Baba mdogo. Mpaka leo wananicheka."

"Mimi je?" Akanyoosha kidole bondeni. "Ningemchoma mkuki yule, Jumamosi iliyofuata ningewapeleka wapi?"

Nilijisikia mdogo, nikampenda mzee yule kuliko nilivyowahi kumpenda. Watu walikuwa wamemvua jina lake lote la uwindaji, naye aliwaachia walichukue.

Haukupita muda mrefu, mwanangu Baraka akaja kutoka mjini na rafiki zake wawili, pikipiki mbili na mbwa wenye njaa. Walikuwa wamesikia kuna pongo. Niliwaambia kuwinda bila kibali ni kosa, wakasema wanakwenda kutembea tu, na mmoja wao ana waya wa mtego mfukoni. "Mzee Pongo, wewe si ndiye unayejua sehemu nzuri?" akaniuliza huyo mwenye waya. Nikasema naijua. Nikaingia jikoni nikachota majivu.

Niliwapitisha kwenye dalili zote, nikawaonyesha gome lililochubuliwa na kwato topeni, na wakanisikiliza kwa heshima. Kisha nikainua mkono nikayaachia majivu. "Twendeni huku," nikasema.

Tulizunguka mpaka jua likawa kali. Simu zao ziliwaambia mwezi utachomoza saa ngapi na mvua itanyesha lini, lakini hakuna aliyeuliza upepo unakwenda wapi. Walipochoka, walikaa kwenye pikipiki wakinitazama. "Baba, kumbe hata wewe hujui kuwinda," Baraka akasema, na wenzake wakaangua kicheko. Nilimwambia ni kweli, sijui, na akitaka ushahidi amuulize binamu yangu Danieli.

Waliondoka wakisema hawarudi tena, huku hakuna kitu. Nilifurahi, kisha nikasikitika. Sisi tulirudi mikono mitupu mwaka baada ya mwaka, na Jumamosi ikifika tukachoma viazi tukaenda tena, tuna hakika kabisa kwamba leo ndiyo leo. Hawa wangu asubuhi moja tu imewatosha.

Jioni nilipitia kwa Baba mdogo kumpa habari. Hakuuliza kuhusu pongo wala mbwa.

"Walikucheka?" akauliza.

"Sana."

Akasogea kidogo kwenye benchi lake, akanipisha nami nikae pale jua lilipokuwa limebaki.