Gurudumu la Mkia na Kiti cha Pili

Yule rubani simsamehe. Kanisani wameniambia niachilie, nami huitikia amina, lakini moyoni ng'o!

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Kilimanjaro kutafuta maisha Karatu, nina kibanda cha kuchomelea kando ya barabara ya Ngorongoro: chesisi za magari ya watalii, mageti, majembe ya trekta. Siku moja akaja mzee wa Mbulumbulu, Mwiraki, mkulima wa ngano aliyestaafu ufundi wa ndege huko Arusha. Akaniomba nimsaidie kuunda ndege. Nilicheka mpaka nikashika kiuno. Mzee hakucheka. Alinipeleka ghalani kwake, nikakuta michoro imebandikwa ukutani na mbavu za bawa moja zimeshasimama.

Nilifanya kazi pale Jumamosi zote kwa miaka miwili, na nilichotaka ni kitu kimoja tu, kupanda. Ndege nilikuwa nazitazama kutoka chini tangu utoto. Mzee akanisimamisha kwenye mizani ya magunia, akaandika ukutani kwa chaki: fundi, kilo sitini na mbili.

"Kiti cha pili ni chako," akasema. "Siku ya kwanza kuruka, tunaruka wote."

Loh! Nilirudi Karatu naimba njia nzima.

Likabaki suala la magurudumu. Mawili makubwa yanakaa chini ya mabawa, hayo hayana ubishi. La tatu liende mkiani au puani? Mzee alitaka mkiani, na mimi pia. Ndege ya mkia husimama imeinua pua, propela ikawa mbali na ardhi, na uwanja wetu ulikuwa shamba la ngano lililovunwa. Ubaya wake ni kwamba ikiwa chini ni mbishi kuongoza. Ukizubaa kidogo inageuka kutazama ilikotoka. Mzee aliwahi kujifunza kurusha, lakini zamani sana, kwa hiyo akamwita rubani mmoja wa ndege za watalii aje amsaidie kuijaribu.

Rubani akaingia ghalani na miwani yake ya jua. "Mkia ni mambo ya kizamani. Weka la pua."

"Kapteni," nikasema, "uwanja wetu una mashimo ya ng'ombe..."

Akanitazama kuanzia kandambili kwenda juu. "Wewe si fundi mageti? Kaa kimya, wakubwa wanaongea."

Majirani waliokuja kushangaa ndege wakaangua kicheko. Kisha akaiona ile chaki, akaifuta kwa kiganja. "Kiti cha pili ni cha rubani." Mzee akainamisha kichwa. Nilijifanya moshi wa kuchomelea umeniingia machoni.

Basi nikalitengeneza gurudumu lake la pua. Uma wake niliuchomelea kwa ustadi ambao sijaurudia tena, maana nilitaka siku ukipinda akose pa kunisingizia.

Kule Mbulumbulu ngano ikishavunwa, ng'ombe wa majirani huingia kula mabua bila kuomba, na ukiwafukuza utaitwa mchoyo mpaka uzeeni. Ndiyo maana kabla ya kila jaribio kazi yangu ilikuwa kupita uwanjani na koleo, nikifukia mashimo ya kwato. Asubuhi ya jaribio la kukimbia chini, bila kuruka, nilikuta shimo katikati kabisa, lina kina cha shibiri, limekauka kwa jua baada ya mvua. Nikasimama juu yake. Nikakisikia tena kile kicheko. Nikaweka koleo begani, nikarudi.

"Uwanja vipi?" rubani akauliza.

"Uko sawa, kapteni."

Cha moto utakiona, nikasema moyoni. Mara mzee, ambaye siku zote alibaki nje, akapanda akakaa kando yake. Nikafungua mdomo nimwonye, nikaufunga.

Gurudumu la pua liliingia shimoni, propela ikachimba udongo, mkia ukainuka juu. Rubani akatoka anavuja damu puani. "Fundi mageti katuua! Kachomelea ovyo!"

Nikaufungua ule uma mbele ya watu. Ulikuwa umepinda, lakini pale nilipochomelea hapakuwa na hata ufa. "Nionyeshe palipoachia, kapteni." Akautazama, akaugeuza, akakosa. Wale wale walionicheka mimi wakamcheka yeye. Haki ya Mungu, nilistarehe! Akapanda gari lake na hakurudi tena, na vumbi lile nikilikumbuka hadi leo nafurahi.

Nilipogeuka, mzee alikuwa amekaa kwenye mabua, ameshika kiwiko kilichovunjika.

"Asubuhi ulipita uwanjani?"

"Nilipita, mzee."

"Na koleo?"

"Na koleo."

Akatikisa kichwa.

Mkono ulipopona tukaweka gurudumu la mkia, naye akaenda Arusha kujinoa upya. Siku ya kuruka alikuwa peke yake kwenye ndege. Kiti cha pili kilihitaji uzito ili ndege ikae sawa.

"Lete gunia la mchanga," akaniambia. "Kipimo unakijua."

Nilipima kwenye mizani ile ile, kilo sitini na mbili. Nikalipandisha kitini, nikalifunga mkanda kwa mikono yangu, nikashuka.